Hamisha DVD za Familia Hadi Kwenye Kompyuta Kabla Hazijaharibika

Katika nyumba nyingi za kaunti yetu, ndani ya kabati la vyombo au kwenye droo chini ya televisheni, kuna diski za DVD zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Harusi", "Mahafali", "Mazishi ya Babu". Kabla ya simu kuanza kurekodi kila kitu, hivyo ndivyo mpiga video alivyokabidhi kazi yake. Ulilipa salio, ukapewa diski mbili au tatu ndani ya kava lenye picha ya maharusi, mkazitazama na wageni Krismasi moja, kisha zikawekwa. Sasa mashine ya kuzichezea imekufa, laptopu nyingi za siku hizi zinauzwa bila mlango wa diski, na mtoto aliyebebwa mgongoni katika video hiyo yuko sekondari.

Makala hii inaeleza namna ya kunakili diski hizo kwenye kompyuta ya nyumbani kwa programu zisizolipiwa. Inaeleza pia sheria inasema nini, kwa sababu diski ya harusi yako na diski ya filamu uliyonunua dukani si kitu kimoja mbele ya Sheria ya Hakimiliki, hata kama zinafanana kwa umbo.

Kwa nini zisingoje

Geuza diski uangalie upande usio na maandishi. Ikiwa inang'aa kama fedha tupu, huenda ilitengenezwa kiwandani: picha na sauti zimehifadhiwa kama vishimo vidogo mno vilivyogongwa ndani ya plastiki. Ikiwa ina rangi ya zambarau, basi ilirekodiwa kwa kompyuta ya mpiga video. Ndani yake kuna tabaka jembamba la rangi ambalo mwanga wa leza uliliunguza ili kuacha alama. Rangi hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita. Jua la dirishani, joto la nyumba ya bati isiyo na dari, na unyevunyevu huharakisha mambo. Ndiyo sababu diski mbili zilizorekodiwa siku moja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa leo: iliyokaa sandukuni bado inacheza, iliyokaa juu ya spika haisomeki.

Tabaka hilo liko katikati ya vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 0.6. Uchafu na mikwaruzo midogo ya juu juu mara nyingi inaweza kushughulikiwa. Rangi iliyokwisha kufifia, hakuna fundi wa kuirudisha. Basi anza na diski za zambarau, na miongoni mwa hizo anza na zile ambazo hakuna ndugu mwingine aliye na nakala yake.

Unachohitaji

Kompyuta yoyote yenye mlango wa DVD inatosha, hata ile kongwe ya mezani. Kama huna, kuna draivu ya nje ya DVD inayochomekwa kwenye tundu la USB. Haina haja kila nyumba inunue yake. Majirani watatu au chama kinaweza kununua moja, kwa kuwa kazi ya kila familia ni ya wikendi moja au mbili tu.

Hakikisha kuna nafasi. DVD ya kawaida hubeba hadi GB 4.7, na ile ya tabaka mbili GB 8.5. Usishtuke Windows ikikuandikia 4.37 kwa diski iliyojaa. Ni namna yake ya kuhesabu, hakuna kilichopotea. Kwa hesabu hiyo, flashi ya GB 64 inabeba diski 13 za kawaida zilizojaa.

Programu ni mbili: VLC ya kutazamia, na HandBrake ya kupunguza ukubwa wa video. Zote ni za bure, na zote zipakuliwe kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe. Ukiona ukurasa unaokudai namba ya simu au malipo ya M-Pesa ili ukupe VLC, ondoka hapo. Wenye Windows 10 au 11 wataihitaji VLC kwa sababu Windows hizo haziji na programu ya kucheza DVD.

Ukipeleka diski kwenye saiba, hakuna ubaya, lakini kaa hapo hadi kazi iishe. Kisha ombeni nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya saiba ifutwe mbele yako. Video ya chumba cha maharusi au ya mwili wa marehemu si kitu cha kuachia wateja wengine.

Nakili folda nzima

Kwanza safisha. Tumia kitambaa laini cha pamba, kikavu au chenye maji kidogo, ukipangusa kwa mstari ulionyooka kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni. Usizungushe kitambaa kama unayefuta sahani ya chakula, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huficha sehemu ndefu ya video, ilhali ule unaokatiza huficha vipande vifupi ambavyo draivu inaweza kuvikisia. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani ni mchanga mwembamba. Iache kwa meno. Kama diski ina kibandiko cha karatasi kinachobanduka, usikivute, maana kinaweza kuifanya diski iyumbe ikizunguka au kukwaruzika zaidi.

Ingiza diski, fungua draivu, na utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Pengine kuna nyingine, AUDIO_TS, ambayo kwa kawaida ni tupu, wala si dalili ya kuharibika. Tengeneza folda mpya kwenye kompyuta, uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Harusi ya Mama na Baba diski ya 1", kisha nakili VIDEO_TS yote uiweke humo. Diski iliyojaa huchukua robo saa hadi nusu saa. Kama kwenu stima hukatika jioni, fanya kazi hii asubuhi, na laptopu iwe na chaji.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tutakawia kidogo. Ukifungua VIDEO_TS hutaona faili moja iitwayo "harusi". Utaona orodha ya majina yanayofanana: VTS_01_0.IFO, VTS_01_0.VOB, VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Picha na sauti zimo ndani ya zile zinazoishia VOB. Kanuni ya DVD hairuhusu faili ya VOB kuzidi GB 1, kwa hiyo sherehe ya saa mbili hukatwa vipande vinne au vitano. Aliyenakili VTS_01_1.VOB pekee amepata msafara wa magari na mwanzo wa ibada. Kiapo kimebaki kwenye diski. Ile yenye sifuri, VTS_01_0.VOB, mara nyingi ni ukurasa wa kuchagulia tu, wenye muziki na picha inayojirudia. Zinazoishia IFO ni ramani ya mpangilio, na zinazoishia BUP ni nakala ya akiba ya ramani hizo. Ramani ni ndogo mno, lakini bila hizo mpangilio wa sehemu unaweza kuvurugika. Kwa hiyo usichague chochote. Chukua folda nzima.

Ukimaliza, linganisha. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda ya diski na ya kompyuta, usome ukubwa na idadi ya faili. Lazima zilingane. Kisha fungua folda hiyo kwa VLC ukatazame sehemu tatu: mwanzo, katikati na dakika tano za mwisho. Usiruke mwisho. DVD hurekodiwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole na kugonga kava. Katika diski nyingi za familia, kinachoharibika kwanza ni kukata keki na shukrani za wazazi.

Diski ikigoma

Kunakili kukisimama na kompyuta ikatoa ujumbe wa hitilafu, usibofye kujaribu tena mara ishirini. Toa diski, isafishe, ijaribu kwenye draivu nyingine. Draivu hutofautiana kwa uwezo wa kusoma diski dhaifu, na mara nyingi diski iliyokataliwa na laptopu mpya hukubaliwa na kompyuta kongwe ya ofisi ya kanisa au msikiti.

Ikikataa hata huko, tafuta kijana anayejua Linux amuitie programu iitwayo ddrescue. Programu ya kawaida ya kunakili hufika mahali pabovu ikakata tamaa. Hii huruka pabovu, huokoa kwanza yote yaliyo mazima, kisha hurudi kwenye mapengo na kuyajaribu polepole, ikiweka kumbukumbu ya ilipofika ili hata stima ikikatika iendelee kutoka hapo. Unaweza kupoteza sekunde chache za dansi badala ya saa nzima.

Kuna diski nyingine ambayo kompyuta huiona kama tupu ingawa ilikuwa ikicheza kwenye mashine iliyoirekodi. Hiyo huenda haikufungwa. Kamera na rekoda za DVD zilihitaji mtumiaji aamuru mashine ifunge diski baada ya kurekodi, na wengi hawakufanya hivyo. Kama kamera au rekoda ile bado inawaka, ifunge kwa mashine hiyohiyo. Usikubali kompyuta ikikuuliza kama ungependa kuitayarisha diski tupu. Hapo ndipo pa kuitoa haraka.

Nakala ndogo ya simu

Folda ya VIDEO_TS ndiyo asili yako; iache kama ilivyo. Kwa simu ya shangazi aliye Saudia au kwa televisheni inayosoma flashi, tengeneza faili moja ya MP4 kwa HandBrake. Fungua folda hiyo ndani ya HandBrake, chagua sehemu iliyo ndefu kuliko zote, kisha chagua mpangilio uitwao Fast 576p25. DVD za huku kwetu kwa kawaida zina mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, na mpangilio huo unaifuata hesabu hiyohiyo. Hakuna faida ya kuchagua 1080. Faili itanenepa bila uso wa mtu yeyote kuonekana vizuri zaidi. Bofya kitufe cha kijani, uende ukachote maji. Kompyuta kongwe inaweza kuchukua saa moja au zaidi.

Kama flashi inakataa faili kubwa ilhali ina nafasi tele, huenda imetayarishwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayofikia GB 4. Kuitayarisha upya kwa exFAT kunaondoa tatizo, lakini pia kunafuta kila kitu kilichomo. Hamisha kilichomo kwanza.

Haki ya video ya harusi ni ya nani?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake huwafurahisha wengi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka wa 2001, mtu anapoagiza kazi itengenezwe na asiye mwajiriwa wake, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano yanayosema vinginevyo. Wewe uliyemwagiza mpiga video na kumlipa unaweza kunakili video yako bila kumuomba ruhusa, mradi hukutia sahihi mkataba unaokataza. Angalia risiti; baadhi yao huandika masharti nyuma. Wimbo wa msanii uliowekwa juu ya picha ni jambo lingine: kuutazama sebuleni hakuna shida, kuuweka hadharani mtandaoni kunagusa haki ya mwenye wimbo.

Na filamu ya kununua?

Hapa mambo hubadilika. Sheria hiyo inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya mtu binafsi. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 35, inahesabu kuvunja kizuizi cha kiufundi kilichowekwa kulinda kazi kuwa ni ukiukaji wa hakimiliki. DVD nyingi za filamu zinazotoka kwenye studio kubwa zina kufuli la namna hiyo, na ndiyo sababu ukizinakili kama folda ya kawaida unapata picha zenye vigae vya rangi au ujumbe wa kukataliwa. HandBrake yenyewe haina uwezo wa kufungua kufuli hilo, na watengenezaji wake hawakuuweka. Mtandaoni kuna programu na maelekezo ya kulivunja. Ushauri wetu ni uyaache. Uliponunua diski ulinunua plastiki na ruhusa ya kutazama. Ufunguo wa kufuli haukuwa sehemu ya bei.

Wapo watakaosema hiyo ni kuonea mtu aliyelipa pesa yake halali. Hoja hiyo ina uzito, na nchi nyingine zimeibishania kwa miaka. Mpaka Bunge libadilishe maneno ya sheria, hata hivyo, aliyelipa na asiyelipa wote wanasimama mbele ya kifungu kimoja. Kinachowezekana bila tatizo ni kuicheza diski yako kwenye kompyuta, kuitunza mbali na jua, na kununua nakala ya kidijitali pale inapouzwa.

Zile diski za mtaani zenye filamu tano ndani ya moja mara nyingi hazina kufuli lolote. Kukosekana kwa kufuli hakuzifanyi kuwa halali. Zilikuwa nakala haramu kabla hazijafika kwako, na kuzihamishia kwenye kompyuta ni kuongeza nyingine. Upande wa pili, kama una DVD ya msanii au mtengenezaji filamu wa hapa kwetu isiyo na kufuli, njia fupi ni kumpigia simu. Wengi namba zao ziko kwenye kava, na wengine watakutumia nakala iliyo safi kuliko uliyo nayo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo ofisi ya kuuliza ukiwa na shaka.

Mzee akizungumzia shamba

Kuna aina ya diski inayohitaji uangalifu wa pekee: ile ambayo mzee, akiwa mgonjwa au kwenye mkutano wa ukoo, alirekodiwa akigawa shamba. Familia huitunza ikiamini kwamba ni wosia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema wosia wa mdomo hausimami isipokuwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaostahili, na mwenye kuutamka akafariki ndani ya miezi mitatu tangu siku hiyo. Kama mzee aliishi miaka miwili baadaye, video hiyo haitakuwa wosia wa mdomo, hata kama sauti yake inasikika vizuri kiasi gani. Bado inaweza kuwa ushahidi wa jambo fulani kati ya ndugu, na kwa hiyo isipotee.

Inakili, lakini usiihariri, usikate hata sehemu ya watu kupiga chafya. MP4 iliyopunguzwa ni ya kutazama tu. Folda nzima na diski yenyewe ndizo za kuhifadhi. Andika kwenye karatasi nani alinakili, siku gani, kwa kompyuta gani, na diski ilikuwa mikononi mwa nani kabla ya hapo. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Karatasi yako ya leo itamrahisishia wakili kazi hiyo.

Mahali pa kuweka

Nakala moja kwenye kompyuta si akiba. Laptopu huibwa, flashi huanguka kwenye sinki. Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili, na kimoja kati ya hivyo kilale nyumba nyingine, kwa dada aliyeolewa au mtoto anayefanya kazi mjini, ili moto au mafuriko yasichukue zote kwa mara moja. Mara moja kwa mwaka vichomeke na ucheze kidogo, kwa sababu flashi nayo hufa, tena bila kuonya. Diski za asili zirudishe kwenye kava zake, zisimame wima kama vitabu, mahali penye baridi na giza.

Jambo la mwisho huchukua mchana mmoja na halihitaji programu. Keti na bibi au mjomba mkubwa mtazame nakala mpya pamoja, ukiwa na daftari. Andika dakika na jina: dakika ya 14, mwenye kofia ya kahawia ni nani, alitoka kijiji gani, ana undugu upi na bibi harusi. Chapa orodha hiyo kwenye kompyuta, uihifadhi ndani ya folda ileile ya video, na uitume kwenye grupu ya familia ili wanaowatambua waliobaki wajaze mapengo.